Somo: Kamera kuukuu za plastiki, kabla hujatoa pesa soko la Kibuye, Kisumu

Wanachama, tangu niweke picha za kabati langu la kamera nimeulizwa bei tu. Bei ni maneno ya mwisho. Jumapili ukiinama kwenye gunia la mitumba pale Kibuye, uliza kwanza: hii inakula mkanda (filamu) gani?

Hatua ya 1: Fungua mgongo. Ukiona kitako cha mkanda wa 35 mm, endelea kuongea na muuzaji. Ukiona chumba cha kaseti pana, hiyo ni Instamatic au jamaa yake. Kodak ilizitoa mwaka 1963, na kufikia 1970 zilishauzwa zaidi ya milioni 50, ndiyo maana hazikosekani. Lakini mkanda wake wa 126 Kodak iliacha kuutengeneza 1999. Brownie 127, ile nyeusi ya bakelaiti (plastiki ngumu ya kizamani) iliyoanza 1952, nayo ina njaa kama hiyo, ya mkanda wake wa 127. Nunua kama pambo. Yangu imekaa juu ya televisheni, mama huifuta vumbi.

Hatua ya 2: Sponji. Hapa ndipo wengi hulia. Kwenye kingo za mlango wa nyuma kuna sponji nyeusi ya kuzuia mwanga. Ikizeeka inageuka lami. Iguse kwa kijiti cha meno. Ikinata, usiikatae kamera, teremsha bei. Nyumbani ikwangue taratibu, malizia kwa pamba yenye spiriti kidogo, kisha laza uzi mweusi wa sweta ndani ya mfereji. Thina na petroli weka mbali kabisa. Mimi nilipaka thina mgongo wa kamera moja, plastiki ikalainika, na alama za vidole vyangu zipo mpaka leo.

Hatua ya 3: Beba betri zako, mbili za AA na mbili za LR44, zile ndogo kama kifungo. Muuzaji atakuapia ni nzima. Kama kuna unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, siki kidogo kwa pamba huutoa, mradi chuma hakijaliwa.

Hatua ya 4: Chungulia lenzi ukielekea penye mwanga, si jua lenyewe. Utando kama wa buibui ni ukungu, yaani kuvu. Huku kwetu ziwani unyevu haulali, na mkoba wa ngozi ndio unaoutunza. Utupe. Weka kamera kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu.

MASWALI

Dada wa Nakuru: Kaka, nimepata Olympus XA2 lakini kitufe hakifyatui. Nimeuziwa maiti?

Jibu: Bado, dada. Hiyo bila betri haifyatui kabisa. Tia LR44 mbili, sukuma kifuniko mpaka mwisho, zungusha gurudumu la mkanda, ndipo ubonyeze. Na ukifunga kifuniko, kipimo cha umbali hurudi chenyewe kwenye alama ya katikati, usidhani imeharibika.

Mzee wa Kakamega: Kijana, flashi haiwaki. Nifungue mwenyewe?

Jibu: Mzee wetu, naomba usifungue. Ndani kuna kapasita inayoweza kushika umeme wa volti kama 300 hata betri ikishatolewa. Mimi ilinitupa mkono ukutani. Piga picha za mchana.

Mgeni: Mkanda nitauosha wapi? Studio ya mtaani kwetu siku hizi ni duka la M-Pesa.

Jibu: Anza na mkanda wa nyeusi na nyeupe, huo unaoshwa nyumbani: chombo kisichopitisha mwanga, dawa ya kutoa picha, dawa ya kuikaza, maji mengi. Dawa nyingi hupimiwa joto la nyuzi 20, na bomba la Kisumu mchana halikubali. Mimi huzamisha chupa kwenye beseni la barafu ninayonunua kwa wauza samaki. Harufu utazoea.