CV ya kazi za teknolojia: andika ulichofanya, sio cheo ulichopewa

Wengi wetu CV zimejaa mistari kama "nilihusika na utengenezaji wa mifumo", sasa anayesoma atajuaje kama ni wewe ulitengeneza au ulikuwa umekaa pembeni wenzako wanatengeneza?

Pitia mstari mmoja mmoja. Mfano "nilihusika na databezi ya mauzo", hapo hamna kitu. Andika hivi: "Niliongeza indeksi kwenye jedwali la oda (PostgreSQL), ripoti iliyokuwa inachukua sekunde 40 ikawa inatoka kwa sekunde 3." Ulifanya nini, kwa kutumia nini (hapo ni PostgreSQL, programu ya databezi), kikabadilika nini, basi. Kama hukupima usitunge namba, we sema tu watu waliacha kujaza Excel kwa mkono, inatosha kabisa, maana namba ya kupika itakuumbua kwenye intavyuu wakikuuliza "ulipimaje?"

Zile bar za kuonyesha ujuzi, mfano Python 80%, toa zote. 80 ya nini? Na kitu ambacho huwezi kukiongelea dakika kumi usikiweke, alafu ukichanganya Java na JavaScript, ambazo ni lugha mbili tofauti za kuandikia programu, umejimaliza mwenyewe. Tumia maneno ya kwenye tangazo lenyewe, wakiandika Kubernetes (programu ya kuendesha mifumo kwenye seva nyingi) na kweli umeitumia, usiandike kifupi chake K8s peke yake.

Muonekano usikupotezee muda. Sehemu nyingi CV inapita kwanza kwenye programu ya kusoma na kupanga maombi, na zile safu mbilimbili na majedwali mara nyingi zinaivuruga. Kujipima ni rahisi: fungua PDF yako, kopi yote, pesti Notepad. Maneno yakitoka shaghalabaghala, au hayakopiki kabisa kwa sababu uliisevu kama picha, rudi ukarekebishe.

Hujawahi kuajiriwa? Weka projekti mbili zilizokamilika, sio kumi za nusunusu, kila moja na README, yaani faili la maelezo, inayosema inafanya nini na inawashwaje. Linki zifungue kwenye brauza ambayo hujalogin, mimi niliwahi kutuma ya GitHub (tovuti ya kuweka kodi) wiki mbili nzima kumbe repo, yaani folda ya projekti, ni private, kila aliyebonyeza alikuta 404, ukurasa haupo 😅. Na kagua kama kuna paswedi umeiacha kwenye kodi, ila kufuta faili tu haisaidii, kwenye historia ya Git, programu inayotunza kila badiliko la kodi, bado ipo, kwahiyo ibadilishe paswedi yenyewe ndo utume.