Kabla hujapima asidi na besi kwa kabeji ya zambarau

Jaribio hili likiharibika, mara nyingi limeharibikia kwenye sufuria. Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini, na rangi ya kabeji ya zambarau hushikana na alumini ikaanza kwenda buluu kabla mwanafunzi hajatia hata tone la ndimu. Usiichemshe humo. Katakata gramu 100 za kabeji, weka kwenye bakuli la kioo, mimina mililita 300 za maji ya moto, funika dakika 15, chuja. Maji nayo yana neno: ya kisima chenye magadi huipeleka rangi kwenye buluu vilevile. Kinga maji ya mvua uyatumie.

Wengi hukimbilia rozela iliyokaushwa (choya) kwa kuwa ipo sokoni mwaka mzima. Tatizo, rozela yenyewe ni chachu, yaani ina asidi. Maji yake ni mekundu tangu mwanzo, hivyo ukitia ndimu huoni tofauti. Inafaa kuonyesha besi tu, tena ikiwa imezimuliwa sana.

Tayarisha vikombe 6 vyeupe vinavyoonyesha ndani, mililita 40 za maji ya kabeji kila kimoja, vikiwa juu ya karatasi nyeupe. Kimoja kisitiwe kitu. Ndicho cha kulinganishia. Vingine vipate ndimu, siki, bekingi soda, maji ya magadi na maji ya sabuni ya mche. Ndimu na siki huleta waridi hadi nyekundu, bekingi soda buluu, magadi kijani. Kila kitu kiwe na kijiko chake, maana kijiko kilichotoka kwenye siki kikiingia kwenye magadi kinakuharibia vikombe viwili kwa mpigo. Dukani soma pakiti: bekingi pauda si bekingi soda. Pauda ina asidi yake ndani, hutoa povu hata kwa maji matupu, na rangi yake haieleweki.

Wanafunzi wakishaona povu la siki na bekingi soda, watataka kufunga chupa. Kataa mapema. Kijiko kimoja cha chai, karibu gramu 5, kikipata siki ya kutosha (mililita 75 hivi za asilimia 5) hutoa takriban lita 1.4 za gesi. Chupa ya nusu lita itapasuka au kifuniko kitaruka usoni. Vuta puto kwenye mdomo wa chupa badala yake.

Jiki iondoke mezani kabisa. Ikikutana na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi hutoa klorini, gesi inayounguza mapafu. Isitoshe, hufuta rangi ya kabeji moja kwa moja, kwa hiyo haipimi chochote.

Magadi hayachezewi machoni. Weka ndoo ya maji safi yenye bomba karibu. Yakiruka jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya.

Maji ya kabeji yatengenezwe siku hiyohiyo. Kwenye friji hudumu siku mbili tatu, baada ya hapo harufu yake itawatoa darasani.