Jinsi ya kupima masi ya shimo jeusi kwa kuyumba kwa nyota

Shimo jeusi lisilomeza gesi halitoi eksirei za kulifichua. Nyota inayozungukana nalo, hata hivyo, haitulii mahali pamoja, na darubini ya Ulaya iitwayo Gaia ilipima mahali pa nyota kwa usahihi unaotosha kuonyesha kuyumba huko. Data zake ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Tutumie Gaia BH1, shimo jeusi lililo katika kundinyota Hawaa, umbali wa miaka-nuru 1,560 hivi.

Hatua ya 1: Chota data. Ingia kwenye hifadhi ya Gaia, toleo la tatu (Juni 2022). Katika jedwali nss_two_body_orbit tafuta namba 4373465352415301632, ambayo ni ya nyota inayozungukana na BH1. Chukua kipindi (muda wa mzunguko mmoja), paralaksi (kuhama kidogo kwa nyota kunakoonekana Dunia inapozunguka Jua, ambako huonyesha umbali wake) na vigezo vinne vya obiti: A, B, F na G.

Hatua ya 2: Pata ukubwa wa obiti.
u = (A² + B² + F² + G²)/2
v = AG − BF
a = √(u + √(u² − v²))
Jibu ni milisekunde za tao, kipimo kidogo sana cha pembe. Ligawe kwa paralaksi, upate umbali kwa kipimo cha Dunia hadi Jua.

Hatua ya 3: Kokotoa masi. Umbali huo uupandishe kipeo cha tatu, kisha ugawe kwa mraba wa kipindi katika miaka. Vipimo vya Gaia vilipounganishwa na vya spektra (mwanga wa nyota uliotawanywa katika rangi zake), a ilikuwa kama 2.67, paralaksi 2.09 na kipindi siku 185.6. Jibu ni 8 hivi. Ikiwa mwenza wa nyota hatoi mwanga, namba hiyo ni sawa na M₂³/(M₁+M₂)², ambapo M₁ ni masi ya nyota inayoonekana na M₂ ni ya mwenza, zote kwa masi ya Jua. Nyota inayoonekana ina masi 0.93 ya Jua. Jaribu thamani za M₂ mpaka pande zilingane. Utafika 9.6.

Hatua ya 4: Shuku jibu lako. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ningependa utumie muda mwingi. Nyota ya kawaida yenye masi 9.6 ingeng'aa maelfu ya mara kuliko Jua. Hata ukiigawa ziwe nyota mbili zinazozungukana kwa karibu, mwanga wao ungeimeza kabisa nyota tunayoiona. Kwa hiyo BH1 ni kesi safi. Mwenza wa masi 1.4 ni mgumu zaidi: anaweza kuwa nyota ya nyutroni, lakini pia vibete vyeupe viwili vya 0.7 kila kimoja (vyote ni mabaki mazito na hafifu ya nyota zilizokufa). Na kipindi kikikaribia mwaka mmoja, jihadhari sana, maana paralaksi nayo hurudia kila mwaka na obiti bandia hujipenyeza hapo.

Hatua ya 5: Omba spektra. Kasi ya nyota kutujia na kutuacha lazima ifuate obiti uliyokokotoa. Bila hiyo una mtuhumiwa tu, usitangaze. BH1 ilithibitishwa hivyo, Gemini North ya Hawaii ikiwa miongoni mwa darubini zilizotumika.

Ukimaliza, jaribu BH2, yenye kipindi cha siku 1,277 hivi. Obiti ya BH3 usiitafute humu: ilitangazwa Aprili 2024 kutokana na data zilizoandaliwa kwa toleo la nne.