Namna ya kufuatilia usajili wa besiboli ya Marekani ukiwa Unguja

Anza na kalenda: fainali za ligi kuu humalizika mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na siku 5 baadaye wachezaji huru huruhusiwa kusaini na timu nyingine yoyote. Mchezaji huwa huru akitimiza miaka 6 ya utumishi katika ligi hiyo na mkataba wake ukawa umekwisha.

Mkataba wenyewe usomwe kwa undani, kwani kiasi kinachotangazwa hupotosha, na hapa ndipo mabishano ya kahawa pale Jaws Corner yangenoga: mchezaji Shohei Ohtani alisaini na timu ya Dodgers Disemba 2023 kwa dola milioni 700 za miaka 10, lakini milioni 680 kati yake ziliahirishwa, yaani atalipwa baada ya mkataba kwisha, hivyo hupokea milioni 2 tu kila mwaka wa mkataba. Juan Soto, aliyekwenda timu ya Mets mwaka uliofuata kwa milioni 765 za miaka 15, hakuahirishiwa chochote.

Usipuuze habari za kuajiriwa viongozi wa ofisini, kwa kuwa wao, si kocha, ndio wanaoamua nani asajiliwe.

Kukesha hakuna haja. Saa 2 usiku ya New York, majira ya baridi, ni saa 10 alfajiri kwetu, soma habari za usajili ukishasali.