Kuilaza ramani ya zamani ya misafara juu ya ramani ya leo

Tuseme unafatilia ile njia ya misafara, Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora mpaka Ujiji, na umepata skani ya ramani ya karne ya 19 mtandaoni. Mkusanyiko wa David Rumsey una ramani za zamani kibao na kushusha ni bure. Chukua faili lenye pikseli nyingi, sio skrinishoti, maana ukizumu majina ya vijiji yanakuwa ukungu.

Programu tumia QGIS, ya kutengeneza ramani kwenye kompyuta, nayo bure. Weka OpenStreetMap kwanza kama ramani ya chini, iko kwenye XYZ Tiles (orodha ya ramani za mtandaoni ndani ya QGIS), alafu fungua Georeferencer kwenye menyu ya Layer uingize skani yako. Hapo unabonyeza sehemu kwenye ramani ya zamani, unabonyeza sehemu ileile kwenye ya leo, basi. Ukichagua Polynomial 1, yaani hesabu rahisi inayohamisha, kuzungusha na kunyoosha skani nzima kwa pamoja, pointi tatu zinatosha, ila ukiweka tatu tu kosa litasoma sifuri na utafurahi bure, kumbe hakuna pointi ya nne ya kukukosoa! Mi siridhiki chini ya 10, zilizotawanyika ramani nzima, sio zote zimejazana pwani.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaharibu. Mdomo wa mto usiuamini sana, mfano Ruvu (ramani za kale zinauita Kingani) mchanga na mikoko hubadilisha sura ya pale. Kama ramani ina gridi ya longitudo shikilia gridi, uandike namba zake, lakini kwanza angalia zinahesabiwa kuanzia wapi, maana ramani nyingi za Kijerumani za zamani zinaanzia Ferro (kisiwa cha Kanari, magharibi ya Afrika) badala ya Greenwich, tofauti ni nyuzi 17 na dakika 40, na usipozitoa Bagamoyo inaenda kukaa baharini upande wa Shelisheli.

Na miji ya bara usiishikilie kabisa. Najua inauma kuona Tabora ya kwenye skani imekaa mbali na Tabora ya kweli, mkono unawasha kuivuta, na kuna ile Thin Plate Spline, hesabu inayopinda skani kama mpira, ambayo itaivuta vizuri tu mpaka zikae sawa. Usifanye hivyo, nakuomba. Ule umbali ndo ushahidi wenyewe, unakuonyesha mchoraji alijua nini na alikisia wapi, ukiuvuta umeufuta. Pima pengo, liandike, endelea.

Baada ya hapo tengeneza leya ya pointi za vituo, kila kituo kiwe na jina kama lilivyoandikwa, jina la leo, nani kasema, na uhakika wako kwa namba 1 mpaka 3. Burton na Speke, wapelelezi Waingereza waliofika 1857, waliandika Kazeh, leo tunasema ni Tabora, hiyo sawa. Ila Unyanyembe ni nchi nzima, sio kijiji, kwa hiyo chora poligoni (umbo la eneo), usiweke doti. Vituo vingine viliitwa kwa jina la mtemi au jumbe wa pale, akifa au akihama jina nalo linapotea, hivyo usipolikuta kwenye ramani ya leo usikimbilie kusema msafiri kadanganya, kaulize wazee wa eneo kwanza.

Kupima urefu wa njia nako kuna kitu, Bagamoyo iko kanda ya 37 ya UTM (mfumo unaogawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita), Tabora 36, Ujiji 35, ukitumia moja kwa safari nzima kilomita zinapinda. Acha mradi kwenye EPSG:4326, yaani latitudo na longitudo za kawaida, na upime kwa elipsoidi, yaani kwa kufuata umbo la mviringo la dunia.

Mwisho hifadhi faili la .points, lenye zile pointi ulizobonyeza kwenye Georeferencer, pamoja na skani asili, ili mwenzio akiona pointi moja umeikosea aihamishe hiyohiyo bila kuanza upya.