Kuunganisha folda ya seva ya nyumbani kwenye Linux Mint

Ipe seva anwani isiyobadilika kwenye ruta, tuseme 192.168.1.20. Kwenye kompyuta sakinisha cifs-utils (programu ya kuunganisha folda za mtandao za aina ya SMB), tengeneza folda /mnt/hifadhi, kisha andika faili /root/.siri yenye mistari miwili, username= na password=, uifunge kwa chmod 600 ili mwenye faili pekee aisome. Mwisho wa /etc/fstab, faili yenye orodha ya diski na folda za kuunganishwa kompyuta ikiwaka, ongeza mstari huu (picha ni jina la folda iliyoshirikishwa na seva):

//192.168.1.20/picha /mnt/hifadhi cifs credentials=/root/.siri,uid=1000,_netdev,nofail 0 0

Bila uid=1000, ambayo ni namba ya mtumiaji wa kwanza, kwa kawaida faili huwa mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo: utazisoma, hutaweza kuandika. Nofail usiiache kabisa. Bila hiyo, umeme ukirudi na seva ikachelewa kuwaka, kompyuta itaisubiri muda mrefu kabla hujaingia.

Jaribu kwa sudo mount -a, amri inayounganisha vyote vilivyo kwenye fstab. Ikitoa kosa namba 13, kagua nywila kwanza.