Kabla hujapiga dawa, pima bomba lako kwanza

Jamani wakulima wenzangu wa Malindi, hii habari ya kupima dawa kwa vifuniko ndo inatumaliza. Mimi msimu mmoja niliazima bomba la jirani huku kando ya Sabaki, nikatia vifuniko vilevile ninavotia kwa langu, siku tatu baadae majani ya tikiti yamekauka pembezoni kama yamepitiwa na moto. Kumbe kichwa cha lile bomba, kile chenye tundu dogo dawa inapotokea, kilishalika, kinamwaga maji kama mfereji.

Kwa hivyo anza na hicho kichwa. Osha bomba vizuri, tia maji matupu, pampu kama kawaida yako alafu kinga maji kwenye jagi yenye mistari kwa dakika moja. Rudia mara tatu. Fanya hivohivo na kichwa kipya cha aina ileile, kama kipya kinatoa mililita 700 na chako kinapita 770, tupa. Kikiziba tumia brashi laini, sio waya, na usikipulize kwa mdomo hata kama haraka imekushika.

Sasa shamba lenyewe. Pima mita 10 kwa 10, weka vijiti vinne na kamba. Jaza bomba mpaka kwenye alama, piga maji hapo kwa mwendo wako wa siku zote, na upimie palepale unapolima maana kwenye mchanga mtu huenda polepole kuliko barabarani. Fanya asubuhi, upepo wa kusi ukishaamka hupimi kitu. Ukimaliza rudisha maji kwa jagi mpaka ile alama, hayo uliyoongeza ndo uliyotumia.

Mimi nilitumia lita 4. Ekari ni kama mita za mraba 4,000, yaani vipande 40 kama hicho, so 4 mara 40 ni lita 160. Bomba langu ni la lita 20, kwa hivyo ekari yangu ni mabomba 8. Lebo ikisema mililita 400 kwa ekari nagawa kwa 8, napata 50 kila bomba.

Hapa ndo watu wengi huteleza: kijana wangu anakimbia, yeye alitumia lita 3 tu, ekari yake ni mabomba 6, kwa hivyo bomba lake linataka kama mililita 67. Anatumia maji machache lakini kila bomba linakula dawa zaidi! Nikimpa 50 yangu wadudu wanabaki wanacheka.

Nimebandika karatasi kwenye mabomba, langu 50, lake 67, lakini hizo ni za dawa hiyo moja tu, na nyanya zikifika kiunoni tunapima upya maana zinakunywa maji mengi kuliko zilipokuwa miche.